Flaiwili ya Vipande Viwili au ya Kipande Kimoja: Hesabu za Gereji ya Kibaoni

Mwenye pikapu ya dizeli akiingia gereji yoyote ya Kibaoni, hapa Ifakara, na klachi iliyokwisha, jua halizami kabla hajapewa bei mbili. Ya kwanza ni ya kulirudishia gari kile lilichotoka nacho kiwandani: flaiwili ya vipande viwili, yenye springi tumboni, pamoja na klachi yake. Ya pili ni ya kuing'oa hiyo na kufunga ya kipande kimoja, chuma kizima, sawa na zile za Land Cruiser za zamani. Bei ya pili mara nyingi ni nusu ya ile ya kwanza au pungufu, na fundi huisindikiza kwa maneno matamu: "Mzee, hii ukifunga umefunga. Hutaisikia tena."

Kuna ukweli ndani ya maneno hayo, ila si wote. Ukikaa kwenye mabenchi ya gereji za hapa utawaona walioufuata ushauri huo wakaokoa fedha nzuri, na utawaona waliorudi msimu uliofuata na giaboksi juu ya toroli. Kilichowatofautisha si flaiwili peke yake. Ni kile kilichofungwa pamoja nayo, kazi ambayo gari linafanya, na ni mara ngapi giaboksi ilibidi ishushwe.

Kwanza ujue kama habari hii inakuhusu. Noah, IST, Vitz na nyingi ya gari ndogo unazoziona barabarani ni automatiki, na automatiki ya kawaida haina pedeli ya klachi wala flaiwili ya aina hizi mbili. Ina bati jembamba tu linalounganisha krenki na tork konveta. Fundi akikuambia springi za flaiwili ya Noah yako automatiki zimekufa, muulize kwa upole anazungumzia gari la nani. (Zipo automatiki za klachi mbili, kama baadhi ya Volkswagen, zenye flaiwili ya springi, lakini hizo huku ni za kuhesabu kwa vidole.) Fuso za zamani, trekta za Massey Ferguson na Land Cruiser za injini ya 1HZ nazo hazimo kwenye mjadala, maana zilizaliwa na kipande kimoja.

Wanaoguswa ni wenye dizeli za karibuni zenye gia za mkono: Toyota Hilux na Prado za injini ya 1KD, Nissan Navara ya YD25, Patrol ya ZD30, Ford Ranger za 2.2 na 3.2, Mercedes Sprinter, na Land Rover za Td5. Hata humo usikariri. Hilux mbili zinazofanana rangi na mwaka zinaweza kutofautiana kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya masoko tofauti. Namba ya chasisi ndiyo inayosema kweli, si jina lililo mgongoni mwa gari.

Land Rover ndiyo mfano mzuri kuliko zote, kwa kuwa kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi. Defender ya 300Tdi, iliyotoka kati ya 1994 na 1998, ina flaiwili ya kipande kimoja. Ya Td5, iliyoirithi mwaka 1998 na kuendelea hadi 2007, ina ya vipande viwili. Zote mbili zina giaboksi ile ile ya R380. Ndiyo maana kubadilisha Td5 kwenda kipande kimoja ni kazi iliyozoeleka dunia nzima, na seti zake zipo sokoni tayari. Fundi habuni kitu.

Sasa kwa nini kiwanda kiliingia gharama ya kuweka springi ndani ya flaiwili? Injini ya silinda nne hulipua mafuta mara mbili katika kila mzunguko wa krenki. Ikiwa sailensa, kwenye mizunguko 800 kwa dakika, hiyo ni milipuko 1,600, karibu 27 kila sekunde. Kila mlipuko ni pigo: unaisukuma krenki ghafla kisha unaiachia. Krenki haizunguki laini, inakwenda kwa mishtuko, na mishtuko hiyo ikifika kwenye giaboksi, meno ya gia ambazo hazijabeba mzigo yanagongana. Hapo ndipo unaposikia ule mlio wa karanga zinazotikiswa kwenye kopo.

Enzi za injini zisizo na pupa shida hii ilivumilika. 1HZ, na ukubwa wake wote wa lita 4.2, nguvu yake ya kuzungusha ni niutoni-mita 285 tu, tena imegawanywa kwa silinda sita. 1KD ya lita 3.0 kwenye Hilux inatoa 343 kwa silinda nne. Ranger ya 3.2 inatoa 470 kwa silinda tano, na inazitoa chini kabisa, kwenye mizunguko 1,500. Injini imepungua, pigo limekua. Wajerumani wa LuK walianza kuzalisha flaiwili ya vipande viwili kwa wingi mwaka 1985, na kadiri dizeli zenye turbo zilivyoongezewa nguvu ndivyo ilivyosambaa hadi ikafika chini ya pikapu za mizigo.

Umbo lake halina fumbo. Kipande cha kwanza, chenye meno ya stata, kimefungwa kwenye krenki. Cha pili, chenye uso wa kusugua klachi, kimebebwa na beringi au bushi katikati. Baina yao kuna springi ndefu zilizopinda, zimelala ndani ya grisi. Pigo la injini likija springi zinabonyea, na kipande cha pili kinaendelea kuzunguka bila haraka. Kwa kuwa flaiwili imeshameza mishtuko, klachi pleti inayokwenda nayo kwa kawaida haina springi. Kwa kipande kimoja ni kinyume chake: chuma ni kizima, kwa hiyo springi zinahamia kwenye pleti. Shika hilo vizuri, maana hasara nyingi za hapa zinaanzia hapo.

Kabla ya kuchagua, ya zamani ipimwe. Nilimtazama fundi mmoja karibu na njia panda akipima ya Td5 chini ya mwembe. Giaboksi ilikuwa imeshashushwa, imelazwa juu ya tairi bovu. Akachora mstari wa chaki kwenye uso wa klachi. Akarudishia bolti mbili za presha pleti zikiwa zimechomoza nusu, akapitisha kipande cha nondo katikati yake, akazungusha taratibu kulia mpaka springi ikakataa. Pale mstari ulipokomea akatia alama kwenye meno ya stata. Akazungusha kushoto mpaka ikakataa tena, akatia alama nyingine. Akahesabu meno yaliyo kati ya alama mbili, midomo ikimchezacheza. Kisha akashika ukingo kwa vidole na kuutikisa ndani na nje, na ukacheza kweli kweli. Ndani ya kengele ya giaboksi grisi nyeusi ilikuwa imerukia ukuta mzima, inanuka kuungua.

Mwenye gari, mzee aliyetoka Lupiro, alikuwa amesimama mikono nyuma. "Sasa mwanangu, imekufa au inaumwa?"

"Imekwenda, mzee wangu. Njoo ushike mwenyewe."

Akainama akashika, akatikisa kichwa, na mazungumzo ya bei yakaanza. Ninachomsifia fundi yule ni kwamba alipima na kumwonyesha mwenye mali. Flaiwili nzima nayo hucheza kidogo. Mtengenezaji huweka kiwango cha kila moja kwa nyuzi au kwa idadi ya meno, na ikiwa ndani ya kiwango inarudi kazini. Wengi hawapimi. Wanasikia mlio, wanatoa hukumu.

Na mlio unadanganya. Dalili ya kweli ni mgongano unaosikika wakati wa kuwasha na hasa wakati wa kuzima, injini ikitikisika kabla ya kunyamaza. Lakini nozeli mbovu inayofanya silinda moja ivute kidogo kuliko wenzake inatoa mtikisiko unaofanana na huo, na mpira wa kubeba injini uliokatika hivyo hivyo. Mlio ukianza pale unapokanyaga pedeli, anza na rilisi beringi. Kuhusu nozeli kuna jambo la ziada: zikiwa mbovu haziigizi ugonjwa wa flaiwili tu, zinauleta. Ukifunga flaiwili mpya ya vipande viwili kwenye injini inayokohoa, umenunua ya pili mapema. Betri chovu nayo ni adui. Stata ikizungusha injini kwa kuburuta, injini inakaa muda mrefu kwenye mizunguko ya chini ya sailensa, eneo ambalo springi hutikisika kuliko mahali pengine popote. Betri nzuri ni rahisi kuliko flaiwili yoyote.

Tuje kwenye fedha. Bei za spea hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo namba nitakazotumia ni za kupigia hesabu tu. Wewe weka zile ulizopewa dukani.

Tuseme seti ya vipande viwili pamoja na klachi yake ni shilingi 2,600,000. Seti kamili ya kipande kimoja, yaani flaiwili, pleti yenye springi, presha pleti, rilisi beringi na bolti zake, ni 1,300,000. Kushusha na kupandisha giaboksi ni 200,000. Leo basi utalipa 2,800,000 au 1,500,000, na wengi wanaishia hapo.

Lakini gari la kazi litakula klachi nyingine kabla hujaliuza. Siku hiyo, mwenye kipande kimoja atapeleka flaiwili yake ikakerezwe uso kwa, tuseme, 50,000. Atanunua pleti, presha na beringi kwa 700,000, atampa fundi 200,000, jumla 950,000. Kwa safari zote mbili ametumia 2,450,000. Mwenye vipande viwili hakerezi, kwani watengenezaji kwa kawaida wanakataza uso ule usiguswe na mashine. Flaiwili yake ikipimwa ikakutwa nzima, atanunua klachi tu na kulipa ufundi, 900,000, na jumla kuu ni 3,700,000. Ikikutwa imekufa, analipa 2,800,000 kwa mara nyingine. Hapo jumla kuu ni 5,600,000.

Kipande kimoja kwa hiyo kimeokoa kati ya 1,250,000 na 3,150,000. Hesabu tamu, mpaka uiingize giaboksi. Ikiwa mishtuko iliyokosa kumezwa itakulazimisha kufungua giaboksi kabla ya wakati wake, ukabadilisha beringi na sinkro kwa 1,500,000, basi yule wa vipande viwili mwenye bahati amekupita. Yule asiye na bahati bado yuko nyuma yako. Swali zima linakuja kuwa hili: gari lako linaishi maisha ya kuitunza flaiwili au ya kuiua?

Kinachoiua ni joto, mzigo na mizunguko ya chini. Klachi ikiteleza, kama pale unapokanyaga nusu pedeli ili ujitoe kwenye tope la masika, uso wa flaiwili unapata moto mkali na moto huo unaingia hadi kwenye grisi. Grisi ikiungua au kuvuja, springi zinasuguana kavu. Mzigo mkubwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo, ile tabia ya kubaki gia ya nne kwa uvivu wa kubadilisha, unazibonyeza springi hadi mwisho na kuzigongesha. Maji na matope yakiingia kwenye kengele ya giaboksi yanamalizia kazi.

Bondeni kwetu maisha ya gari yamegawanyika sana siku hizi. Daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018 na kumaliza enzi ya kivuko, ambako gari lililobeba mzigo lilipanda na kushuka ngazi ya chuma kwa nusu klachi. Kisha ikaja lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9. Mtu anayetoka hapa kwenda Mikumi na Morogoro, mwendo wa gia ya tano, mizigo ya kawaida, hana tena sababu ya kuiogopa flaiwili ya springi. Prado ya familia au Sprinter ya abiria inayokaa lamini ningeirudishia vipande viwili bila kubishana. Ukimya wake unalipiwa, ni kweli, lakini giaboksi inafaidika na abiria wanafaidika, na nafasi ya kuwa yule mwenye bahati wa hesabu yetu ni kubwa. Gari la kubeba wagonjwa kwenda hospitali ya St. Francis naliweka kundi hilo hilo.

Upande wa pili yupo anayeingia Mbingu, Mngeta hadi Mlimba kubeba magunia ya mpunga na ndizi, au anayepanda Mahenge na saruji. Gari la namna hiyo huzidishiwa mzigo mara nyingi kuliko mwenyewe atakavyokubali kusema, dereva wake si mwenye mali, na mvua zikianza kila kilomita chache kuna shimo la kujinasua. Flaiwili ya springi hapo itakufa mapema hata ikitoka kwenye boksi lililofungwa kiwandani. Kwa pikapu kama hiyo, na kwa Defender ya Td5 hasa, ninaunga mkono kipande kimoja. Uso wake unavumilia joto, unakerezwa, na hakuna springi ya kukatika katikati ya pori. Utasikia karanga kwenye kopo ukiwa sailensa bila gia, utahisi mtikisiko mdogo ukiondoka na mzigo, na utauzoea. Anayefunga kipande kimoja kwenye Td5 kisha akalalamika kwamba inapiga kelele sailensa alitakiwa kuambiwa mapema.

Ranger ya 3.2 inanipa kigugumizi. Niutoni-mita 470 ni nyingi, giaboksi yake ya gia sita haikuundwa kuzipokea bila kinga, na seti ya kipande kimoja isiyo na pleti imara itayatuma mapigo yote hayo kwenye shafti. Kama yako haibebi mizigo mizito, baki na vipande viwili. Kama inabeba, kipande kimoja kinawezekana, lakini kwa seti iliyotengenezwa mahsusi kwa injini hiyo na kampuni inayojulikana, si flaiwili ya kuchongesha mtaani.

Hapo nimeifikia hasara niliyoitaja mwanzoni. Mtu ananunua flaiwili ya kipande kimoja peke yake, labda kwa 600,000, na fundi anamrudishia pleti ile ile ya zamani kwa kuwa "bado ina nyama". Pleti hiyo ilitoka kwenye vipande viwili, haina springi. Sasa gari halina springi popote, si kwenye flaiwili wala kwenye pleti. Mishtuko yote inakwenda moja kwa moja kwenye shafti ya giaboksi. Kwa siku za mwanzo mwenyewe anafurahi, ametoa 800,000 pamoja na ufundi badala ya 1,500,000. Kisha mlio unaanza, giaboksi inashushwa tena kwa 200,000, inafunguliwa kwa 1,500,000, na pleti, presha na beringi sahihi bado zinamsubiri dukani kwa 700,000. Jumla imevuka milioni tatu. Ukitaka kuhakiki huna haja ya utaalamu: iangalie pleti kabla haijafungwa. Za kipande kimoja zinaonekana springi zimezunguka katikati.

Kosa la kinyume nalo lipo. Pleti ya springi juu ya flaiwili ya springi haitaivunja giaboksi mara moja, ila urefu na unene wa vitu vikikataana, klachi itagoma kuachia vizuri na gia zitaingia kwa kukwaruza. Kanuni ni seti moja kutoka boksi moja.

Mtumba je? Flaiwili ya kipande kimoja ya mtumba naikubali: itazamwe nyufa na madoa ya bluu yanayoachwa na moto, ikerezwe, ipimwe unene, ifungwe. Ya vipande viwili ya mtumba siinunui hata nikibembelezwa. Huwezi kuiona springi, hujui iliishi gari gani, na muuzaji wa Dar es Salaam aliyeiosha kwa mafuta ya taa ikang'aa ameosha pia ushahidi wa grisi iliyovuja. Ukiipata kwa 500,000 halafu ikafa, utakuwa umelipa ufundi bure na bado seti mpya inakusubiri.

Kwa kuwa kushusha giaboksi ndiyo kazi kubwa, usikubali ipande bila vitu vidogo vya humo ndani kushughulikiwa. Sili ya nyuma ya krenki ibadilishwe. Ikivujisha oili baadaye, klachi mpya inaloa na kuteleza. Beringi ndogo inayoshika kichwa cha shafti ibadilishwe. Kwenye Ranger, silinda ya chini ya klachi imo ndani ya kengele na imeungana na rilisi beringi, kwa hiyo kuiacha ya zamani ni kujiandalia kushusha tena. Kwenye Land Rover angalia uma wa klachi: bati lake lina sifa mbaya ya kutobolewa na kichwa cha egemeo, na likitoboka pedeli inakuachia njiani bila onyo. Uma uliotiwa bati la ziada ni gharama ndogo. Bolti za flaiwili ziwe mpya na zikazwe kwa spana ya kipimo, maana za magari mengi huvutika zikikazwa na hazirudiwi. Za kipande kimoja pia zinaweza kuwa na urefu tofauti na zile zilizotoka. Na R380 iwekewe oili yake nyepesi. Nimeona ikimwagiwa oili nzito ya difu ili "inyamaze", ikawa ngumu kuingia gia kila asubuhi, na lawama zote zikaangukia flaiwili mpya.

Spea zenyewe, kwa gari nyingi za aina hii, hazipo Ifakara. Zinatoka Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, na zinakuja kwa basi. Tuma namba ya chasisi pamoja na picha ya flaiwili na pleti zilizotoka, mbele na nyuma, kando ya futi ya kupimia. Dai risiti ya EFD yenye jina la kitu kilichouzwa, kwa sababu bila hiyo dhamana ni maneno ya simu. Bidhaa bandia zipo, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko juu yake. Flaiwili bandia ya vipande viwili mara nyingi hujitambulisha kwa wepesi wake, maandishi yaliyofifia na bei inayokaribia ile ya kipande kimoja. Bei ikikaribiana hivyo, chukua kipande kimoja cha kweli.

Agiza kabla ya mavuno. Mpunga ukianza kutoka mashambani gereji hujaa, fundi mzuri ana foleni, na kila siku ambayo gari linakaa juu ya mawe ni mzigo uliowahiwa na mtu mwingine. Seti ikifika, fungua boksi hapo hapo stendi kabla kondakta hajaondoka: soma namba, tazama springi za pleti, hesabu bolti, kisha upige picha kila kitu kikiwa bado na grisi yake ya kiwandani.